Skripti moja, michezo miwili tofauti: wakuu tuongelee maandishi, ufundi na uigizaji wa jukwaani

Nyuma ya Pazia (mleta uzi)

Wakuu habari zenu,

Huu uzi nimeuwaza muda mrefu, leo nimeona niushushe tu. Kila nikikuta watu wanajadili tamthilia nakuta wanajadili kitabu. Ploti, wahusika, dhamira, matumizi ya lugha, ujumbe, basi, imeisha hiyo. Hayo yote nayapenda na ni ya kweli, ila aliyeandika tamthilia hakuiandika ukaisome peke yako umejilaza kitandani, aliiandika ili mtu asimame mbele za watu aiseme na aitende, na kati ya ile karatasi na yule aliyekaa kiti cha mwisho nyuma kabisa kuna mikono mingi imepita hapo katikati, ya mwongozaji, ya waigizaji, ya fundi taa, ya mtu wa sauti, ya mshonaji wa maleba (mavazi ya jukwaani), mpaka ya yule anayehamisha meza gizani na hakuna anayemjua jina. Mimi nimekaa nyuma ya jukwaa miaka kadhaa, zaidi kwenye taa na kusimamia jukwaa, kwahiyo naongea nilichokiona.

Wenye fani yao huwa wanagawa mafungu matatu. Kuna maandishi, yaani hadithi, wahusika, mazungumzo, maelekezo ya jukwaani. Kuna ufundi, yaani seti, taa, sauti, maleba, vipodozi na vile vifaa vya kushika mkononi. Alafu kuna utendaji, yaani mwigizaji na sauti yake na mwili wake, uongozaji, na hadhira yenyewe maana bila hadhira hapo hakuna onyesho. Ninachokataa ni ile tabia ya kuyapanga kama ngazi, eti maandishi yako juu, uigizaji unafuata, ufundi ni mapambo ya mwishoni hela ikibaki. Hapana. Ufundi nao unaandika. Na mwandishi naye, aseme asiseme, kaandika vile kwa sababu ya jukwaa alilokuwa nalo.

Ngoja niwape tukio.

Kuna mchezo tuliufanya, mama anapata habari kwamba mwanae hatarudi tena. Mwandishi pale kaweka maneno mawili tu kwenye mabano, *anakunja shati*. Hakuna mazungumzo. Siku ya kwanza mazoezini dada aliyeigiza mama akalia kweli kweli, akalikumbatia lile shati, akapiga magoti, sote tukaona kafanya kazi. Mwongozaji akasema skripti haijasema analia, imesema anakunja, hebu likunje kama unavyokunja nguo siku yoyote. Akarudia. Mkono wa kushoto ndani, wa kulia ndani, akanyoosha kola kwa vidole viwili, akalipapasa kifuani kuondoa mikunjo. Alafu akasimama nalo mikononi hajui aliweke wapi. Hilo la mwisho hakuambiwa na mtu, lilimjia lenyewe. Anageukia huku, anageukia kule, shati limekunjwa vizuri kabisa na halina pa kwenda. Tulikuwa watu kama saba pale, hakuna aliyejisogeza.

Sasa mimi ndo nilikuwa na kazi ya kushusha taa hapo. Usiku wa kwanza mbele ya watu niliwahi. Niliona kamaliza kukunja nikaanza kushusha, kabla hajageuka. Kwahiyo hadhira iliona mama kakunja nguo, giza, onyesho linalofuata. Maneno yaleyale, mwigizaji yuleyule, ila lile onyesho lilikufa mikononi mwangu kwa sekunde kama tatu tu. Usiku wa pili nikasubiri ageuke mara ya pili ndipo nikaanza kushusha taratibu, na nikasikia ukumbi mzima umenyamaza kile kimya ambacho mtu aliyewahi kufanya kazi jukwaani anakijua.

Mwandishi aliandika maneno mawili, mwongozaji akazuia machozi, dada akageuka, mimi nikasubiri. Niambieni hapo ni fungu lipi liko juu.

---

Mwalimu wa Fasihi

Mkuu uzi mzuri na hilo la shati limenigusa, ila naomba nikupinge kwa heshima. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, alishalimaliza hili. Alitaja vitu sita vya tanzia, yaani tamthilia ya huzuni: msuko wa matukio, wahusika, fikra, lugha, nyimbo, na vile vinavyoonekana kwa macho. Msuko akauweka wa kwanza akauita roho ya tanzia, vya kuonekana akaviweka mwisho, akasema kabisa kwamba nguvu ya tanzia ipo hata bila onyesho na bila waigizaji. Na tuwe wakweli, tamthilia za Wagiriki zimedumu zaidi ya miaka 2,400 na hatuna taa zao, hatuna maleba yao, hatuna sauti za waigizaji wao. Kilichobaki ni maandishi. Mchezo wenye skripti mbovu hata uupigie taa za rangi zote hausimami.

---

Nyuma ya Pazia (mleta uzi)

Mwalimu shikamoo, nilikuwa nakusubiri na hoja hiyo hiyo.

Skripti mbovu haiokoleki na taa, hapo tuko pamoja. Lakini rudi kwa huyohuyo Aristotle, kitabu kilekile. Ndiye anayetuambia kwamba kati ya waandishi wa tamthilia wa Kigiriki, Aeschylus alileta mwigizaji wa pili, na Sophocles akaleta wa tatu pamoja na uchoraji wa mandhari. Sasa tulia hapo kidogo mwalimu. Ukiwa na mwigizaji mmoja na kwaya, anaweza kusimulia, anaweza kuomboleza, anaweza kujibizana na kwaya. Wakiwa wawili sasa una ugomvi, uso kwa uso. Wakiwa watatu kuna mtu anaweza kusimama pembeni anasikiliza wawili wanaongea, na jambo wanaloliongea wao kwa furaha yeye linamwangamiza. Kwa Sophocles ndo inavyotokea kwenye kisa cha Oidipo, mjumbe na mfalme wanaongea, malkia yupo pale kanyamaza, anaelewa kabla ya mume wake kwamba huyo mume ni mwanae mwenyewe. Huo msuko unaousifu wewe usingewezekana kwa waigizaji wawili wa kuongea. Idadi ya waigizaji ni jambo la utendaji, ni jambo la kikundi kina watu wangapi, lakini angalia limefungua nini kwenye maandishi.

Na wale Wagiriki walikuwa na mashine. Winchi ya kumning'iniza mungu hewani, na jukwaa dogo la magurudumu la kusukuma nje maiti, maana mauaji kwa kawaida yalifanyika ndani hadhira haioni, inasikia ukelele, alafu mlango unafunguka. Huwezi kuandika ule ukelele wa ndani kama huna mlango.

Twende Uingereza. Globe, theatre ya kina Shakespeare kule London, ilijengwa 1599, paa lake wazi katikati, wanacheza mchana jua linawaka. Tamthilia yake ya Hamlet inaanza usiku wa manane na mlinzi anauliza nani yupo pale. Kwanini anauliza? Kwasababu hadhira inaonana vizuri tu kwenye mwanga wa mchana, maneno ndo yanapaswa kuleta giza. Na mwishoni kabisa maiti zimejaa jukwaani na mtu anatoa amri zibebwe. Msomaji anaona heshima za kijeshi, na ni kweli zipo, ila pia hapakuwa na pazia la mbele la kufunga, wale waigizaji wangeinuka vipi watu wanawatazama? Ufundi umeingia mpaka kwenye mistari ya mwisho ya tanzia.

Mfano wangu mkubwa lakini ni Chekhov, mwandishi wa Kirusi. Mwaka 1896 mchezo wake wa Shakwe (yule ndege wa baharini) ulichezwa St. Petersburg, mazoezi machache mno, watu wakazomea, Chekhov akaondoka ameumia na akaapa hataandika tena tamthilia. Miaka miwili baadae, 1898, mchezo uleule ukapandishwa Moscow na waongozaji Stanislavski na Nemirovich-Danchenko kwenye theatre yao mpya, wakauzoea, wakaweka vimya, wakaweka sauti za usiku kama vyura, wakawafanya waigizaji wakae na hata wageuze migongo kama watu wa kawaida. Ukapokelewa kwa shangwe kubwa na shakwe mwenyewe akawa nembo ya ile theatre. Skripti ileile. Ndo maana kichwa cha uzi nimeandika hivyo.

---

fundi_taa

Aisee mleta uzi umenifurahisha, taa huwa hatuongelewi mpaka ikizimika.

Niongeze hapo. Watu wengi wanadhani taa kazi yake ni kuonesha. Kazi yake kubwa ni kuchagua. Ukimmulika mtu kutoka mbele tu uso unakuwa kama sahani, hauna pua hauna mashavu. Ukimmulika kutoka juu kabisa macho yanageuka mashimo. Ndo maana kuna ule utaratibu wa McCandless, yule mwalimu wa Yale aliyeandika miaka ya 1930, taa mbili kutoka mbele, moja kila upande kwa nyuzi kama 45, moja rangi ya joto moja rangi ya baridi, uso unapata umbo lake. Kwenye ngoma na dansi tunatoa taa pembeni kabisa maana pale mwili ndo unaongea.

Giza la ukumbini nalo lina historia yake. Zamani ukumbi wote ulikuwa unawaka, mishumaa kule mishumaa huku, watu wanaangaliana nguo, wanapiga stori. Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, alipofungua ukumbi wake Bayreuth 1876 akataka hadhira ikae gizani itazame jukwaa tu. Theatre ya Savoy ya London ikafungwa taa za umeme jengo zima mwaka 1881. Tangu hapo mtazamaji akaanza kukaa kimya kama tunavyomjua leo. Kwahiyo hata tabia ya hadhira imetengenezwa na ufundi.

Ila nataka niseme jambo moja zito na naomba vijana wa vikundi mlisome vizuri. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, theatre ya Iroquois, mchezo wa sikukuu, ukumbi umejaa kina mama na watoto. Taa ya arki, ile taa kali ya umeme inayotoa cheche, ikawasha pazia. Pazia la kuzuia moto likashushwa likakwama njiani. Milango mingine ilifungwa, mingine watu hawakujua inafunguliwaje. Walikufa zaidi ya watu 600. Baada ya hapo ndo sheria za kumbi zikakazwa na milango ya dharura ya kusukuma kwa mwili ikaenea. Nimefanya kazi sehemu nikakuta mlango wa nyuma umezibwa na mbao za seti, nikagoma kuwasha chochote mpaka zikatolewa, nikaonekana mkorofi na sikujali. Kitambaa kikigusa taa ya moto, au waya uliopitishwa kwenye njia ya watu bila kubandikwa chini, hiyo ni hatari kwa watu waliokuja kutazama. Kabla hujaongelea rangi ya taa ongelea mlango.

---

mgeni_jukwaani

Wakuu mimi ndo naanza, nimeingia kikundi mwezi uliopita. Kuna vitu vinanichanganya, mwongozaji akisema sogea kulia naenda kulia kwake, ananifokea. Alafu anasema panda juu wakati jukwaa liko bapa. Na kingine, nikinong'ona nyuma hawasikii, nikipaza sio mnong'ono tena. Msaada.

---

SautiNaMwili

Karibu sana mdogo wangu. Kulia na kushoto jukwaani ni kwa mwigizaji akiwa anatazama hadhira, siku zote, hata ukigeuza mgongo. Juu ni nyuma, mbali na watu, chini ni mbele karibu na watu. Hiyo inatokana na majukwaa ya zamani yaliyojengwa kwa mteremko kuelekea hadhira, kwahiyo ukienda nyuma ulikuwa unapanda kweli. Mteremko umeondoka kumbi nyingi, maneno yamebaki.

Mnong'ono. Usisukume hewa. Hewa ikiwa nyingi kinachofika nyuma ni upepo tu. Pumua chini kule mbavu zinapoachana na tumbo, alafu kaza konsonanti, zile t na k na p na s, ndo zinazosafiri. Na ongea taratibu kidogo kuliko unavyodhani. Mwambie mwenzako akakae siti ya mwisho, mnong'oneze sentensi moja, asipoirudia neno kwa neno rudia wewe.

Na naomba nimjibu Mwalimu pia. Sisi waigizaji skripti tunaiheshimu kuliko mnavyodhani, maana tunaishika kichwani neno kwa neno. Lakini skripti haisemi mhusika anataka nini, inasema anatamka nini tu. "Umekuja." Hilo neno moja linaweza kuwa furaha, lawama, hofu, linaweza kuwa kumfukuza mtu. Mwigizaji lazima aamue mhusika anataka nini kwa yule aliyeingia, na akishaamua mwili unafuata wenyewe, miguu inageukia wapi, mkono unashika nini. Nimeona wenzangu wanakariri sauti, hapa nipandishe hapa nishushe, usiku wa tano mwenzako anabadilisha kidogo anavyokuuliza na wewe unajibu swali ambalo hajakuuliza. Uigizaji zaidi ya nusu ni kusikiliza.

Wahindi wana kitabu cha kale, Natyashastra, kinagawa uigizaji sehemu nne: wa mwili, wa sauti na maneno, wa mavazi na vipodozi, na ule wa hisia ya ndani inayotokeza nje, machozi, mwili kusisimka. Angalieni hapo, mavazi na vipodozi kwao viko ndani ya uigizaji, sio idara ya pembeni. Mimi nilipolisoma hilo nilielewa kwanini sijawahi kumpata mhusika kabla sijavaa viatu vyake.

---

dada wa maleba

Viatu! Asante sana kwa kulisema.

Huwa nawaambia waongozaji nipeni wiki mbili za mwisho niwape viatu na magauni ya mazoezi, hawasikii, wanataka maleba siku ya mazoezi ya mwisho yakiwa mapya yanang'aa. Alafu mtu alizoea kukaa kwenye kiti akiwa na suruali, leo ana gauni refu la tabaka tatu, anakaa vibaya, anakanyaga upindo, anapoteza mstari wake. Upindo ukikanyagwa mara moja mwigizaji atauwaza mchezo mzima.

Na kubadilisha nguo. Mwandishi kaandika "anatoka" na baada ya mistari sita kaandika "anaingia, sasa ni mjane". Mistari sita ni sekunde kama 30 au 40. Mimi nasimama gizani na nguo nimezifungua tayari, vifungo vyote vya mbele ni vya uongo, nyuma nimeshona velkro, viatu vimepangwa vidole vikitazama mbele ili aingize mguu bila kuinama. Anakuja anakimbia, mikono juu, mmoja anavua mmoja anavisha, hatuongei. Tulifanya mazoezi ya hiyo badiliko moja zaidi ya mara 20. Akirudi jukwaani mjane amepoa kabisa, hadhira inaona miaka miwili imepita. Sasa Mwalimu hiyo miaka miwili kaiandika nani?

---

Mwalimu wa Fasihi

Dada umenibana hapo. Mwandishi kaandika kwamba imepita, wewe umeipitisha.

Nakubali zaidi kuliko nilivyoanza. La mwigizaji wa tatu sikuwahi kulitazama hivyo, nalifundisha kama historia tu, fulani kaleta hiki. Bado naamini maandishi yana haki yake ya kusomwa peke yake na kufurahiwa. Ila niulize, tunaofundisha tunafanyeje? Darasa lina vitabu, halina taa wala maleba.

---

Nyuma ya Pazia (mleta uzi)

Mwalimu swali lako ndo zuri kuliko yote humu. Taa sio lazima. Wajapani kwenye kabuki, theatre yao ya jadi, walitengeneza jukwaa la kuzunguka mwaka 1758 kule Osaka, ufundi mkubwa, lakini jukwaa hilohilo lina watu waliovaa nyeusi mwili mzima wanaoingia mbele za watu kumpa mwigizaji upanga au kumwondolea kiti, na hadhira imekubali kwamba hao hawaonekani. Ni makubaliano tu. Kwahiyo darasani meza inaweza kuwa boti kama wote mmekubali ni boti.

Fanya hivi. Chagua kurasa mbili tu, sio tamthilia nzima. Waambie wasome mara ya kwanza wakitafuta vitu vinavyoshikwa mkononi, barua, kikombe, ufunguo, viwe mezani kweli. Mara ya pili wasome wakitafuta nani yupo jukwaani ila haongei. Hapo ndo utashangaa, mwanafunzi aliyekuwa anasoma majina ya wanaoongea tu ghafla anauliza huyu mzee bado yupo hapa au alishatoka? Na jibu linabadilisha maana ya onyesho zima. Mara ya tatu waambie wawili waliseme onyesho wakiwa wamesimama hatua kumi mbalimbali, alafu walirudie wakiwa hatua moja. Usiwaeleze kitu. Waulize waliokaa wameona nini.

Na wape kila mmoja kazi. Mmoja asimamie jukwaa, awe na skripti yake pembeni ameandika kwa penseli kila ishara, mlango hapa, giza hapa, na yeye ndo aseme jiandae, alafu sasa. Yule mtoto asiyependa kusimama mbele za watu mara nyingi anaiweza hii kazi kuliko wote. Kwenye meza ya vifaa bandikeni karatasi, kila kifaa kichorewe umbo lake na jina, kisiporudishwa nafasi yake inabaki tupu na kila mtu anaona kabla onyesho halijaanza. Barua isipokuwepo mezani onyesho la barua halipo, uandishi uwe mzuri vipi.

---

mgeni_jukwaani

Nimeshika la kulia na kushoto na jana sijafokewa. Mnong'ono mwenzangu kaurudia isipokuwa neno moja, leo narudia.

Mleta uzi naomba kuuliza, lile shati mlitumia lipi? Na sisi tuna onyesho la kukunja nguo, letu linakunjwa halitulii, linafumuka.

---

Nyuma ya Pazia (mleta uzi)

Tulianza na jipya tukapata shida hiyohiyo. Shati jipya lina dawa ya kiwandani, linasimama, linapiga kelele ukilikunja, na linaonekana limetoka dukani. Dada wa maleba wetu alilifua kila siku kwa wiki mbili, akalisugua kola na jiwe mpaka ikaisha kidogo pale shingo inapogusa, akang'oa kifungo cha pili akakishonea uzi wa rangi tofauti kidogo. Hicho kifungo hakuna mtazamaji aliyeweza kukiona kutoka kwenye kiti. Ila dada aliyeigiza mama alikuwa anakipitia kwa kidole kila usiku kabla ya kukunja.